Kumlea mtoto anayetibiwa saratani: panga siku zake kwa mzunguko wa dawa

Mtoto akianza kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, familia nyingi hubadili kila kitu siku ileile. Anatolewa shule, anafungiwa ndani, wenzake wanafukuzwa mlangoni, na lolote analotaka anapewa. Wiki zikipita na uso ukarudi kung'aa, tahadhari zote zinaachwa kwa mkupuo, pengine katika siku zilezile zilipohitajika zaidi. Pande zote mbili kosa ni moja: kudhani siku zote za matibabu zinafanana. Kuna siku za kutapika, kuna siku kinga imeshuka, na kuna siku ambazo mtoto anaweza kukaa darasani na kucheza kama kawaida. Mzazi anayezijua siku hizo humlinda mtoto bila kumnyang'anya utoto wake.

Mwongozo huu ni kwa wazazi wa Mwanza na mikoa ya jirani, hasa wale ambao mtoto anatibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na nyumbani ni Ukerewe, Sengerema, Magu, Geita au Musoma. Hauchukui nafasi ya daktari wenu. Pale atakapowaambia tofauti na tulivyoandika, mfuateni yeye, kwa kuwa dawa na ratiba hutofautiana kwa kila ugonjwa.

Kabla ya kutoka wodini mara ya kwanza

Usiondoke na dawa tu. Nunua daftari gumu, liite daftari la mtoto, na kabla ya kuruhusiwa andika humo, au mwombe daktari au muuguzi akuandikie:

1. Jina la ugonjwa na hatua uliyofikia.
2. Majina ya dawa za kemo alizopewa na tarehe ya kila moja.
3. Tarehe ambazo kinga inatarajiwa kushuka. Uliza hivi: "Daktari, chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zitakuwa chini kabisa kuanzia lini hadi lini?"
4. Namba ya simu ya wodi, na nani wa kumpigia usiku.
5. Tarehe ya kurudi.

Kisha omba barua fupi ya kuonyesha katika kituo chochote cha afya kilicho karibu na nyumbani. Iseme kwamba mtoto anatumia dawa za saratani. Kwamba akipata homa aanzishiwe antibayotiki ya mshipa mara moja, ikiwezekana ndani ya saa moja, kisha apewe rufaa. Kwamba asichomwe sindano ya msuli, na asiwekewe dawa wala kipimajoto njia ya haja kubwa. Piga nakala tatu: moja kwenye daftari, moja kwa bibi au jirani anayebaki na mtoto, moja kwenye mkoba wa safari. Mhudumu wa zahanati ya kisiwani pengine hajawahi kumhudumia mtoto wa kemo, na barua hiyo itamwondolea woga wa kuanza.

Vifaa vya kununua ni vichache: kipimajoto cha betri (si kile cha kioo), glovu boksi moja, ndoo yenye bomba na sabuni ya kunawia, mswaki laini, na chandarua chenye dawa kama hakipo.

Siku ya 1 hadi ya 3 au ya 4: dawa bado imo mwilini

Siku ya 1 ni siku kemo inapoingia, na mzunguko ni tangu siku hiyo hadi kemo inayofuata. Dawa ya kuzuia kutapika hutolewa kabla, kiasi cha nusu saa, na huendelea nyumbani kwa saa zilizoandikwa. Usisubiri atapike ndipo umpe. Kichefuchefu kikishashika ni vigumu kukirudisha. Akitapika dawa ya kumeza, usirudie dozi kwa kubahatisha, piga simu wodini.

Mpe vinywaji kidogo kidogo, vijiko kadhaa kila dakika 10. Akipewa dawa ya kemo iitwayo saiklofosfamaidi anatakiwa anywe sana na akojoe mara kwa mara, hata usiku umwamshe, kwa sababu dawa hiyo hukwangua kibofu. Mkojo wenye damu baada ya dawa hiyo ni jambo la kupiga simu. Ila akipewa doksorubisini, ile dripu nyekundu, mkojo utakuwa mwekundu au wa chungwa kwa siku moja au mbili, na hiyo ni rangi ya dawa tu.

Kwa saa 48 baada ya kemo, vaa glovu unaposhika matapishi, mkojo, kinyesi au nepi. Nguo zilizochafuka ziloweke na kuzifua peke yake. Mama mjamzito au anayenyonyesha amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, ina tabia zake. Hufunga choo, huumiza taya, na ikirundikana huchosha mishipa ya fahamu ya miguu hadi mtoto anaburuta nyayo au anajikwaa akipanda ngazi. Choo kikipita siku mbili bila kutoka, uliza dawa ya kulainisha ya kunywa. Usimpige bomba la sabuni.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kumeza, nayo mpe asubuhi, baada ya chakula. Mtoto atakula kuliko kaka zake, atalia bila sababu, usiku hatalala. Hayo ni ya dawa, si utovu wa adabu. Isikatishwe ghafla hata kama uso umevimba.

Siku ya 7 hadi ya 14: siku za kuogopa homa

Kwa mizunguko mingi ya wiki tatu, hapa ndipo chembe nyeupe hushuka chini kabisa. Mtoto anaweza kuonekana mzima na anacheka, na kijidudu kidogo cha utumbo wake mwenyewe kikaingia kwenye damu. Watoto wengi wanaofariki katikati ya matibabu huondolewa na maambukizi ya siku hizo za kinga kushuka, uvimbe ukiwa tayari umeshapungua.

Mpime joto kwapani asubuhi na jioni, na kila anapoonekana kachoka au anatetemeka. Andika namba na saa. Ikifika 38 au zaidi, hata mara moja, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Akitetemeka, au mikono na miguu ikiwa baridi na hana nguvu, ondokeni hata kipimajoto kikisema 36, hasa kama anatumia prednisoloni, kwa kuwa dawa hiyo huficha homa.

Yapo mambo matatu ambayo kwetu huku huchelewesha watoto.

La kwanza ni paracetamol. Ukimpa kabla ya kupima, joto linashuka, mnalala, na asubuhi mnaamka na mtoto asiyeamka vizuri. Pima kwanza, piga simu, halafu mpe kama umeambiwa. Aspirini na ibuprofeni zisiguswe kabisa bila ruhusa, kwa kuwa zinaongeza kutoka damu.

La pili ni malaria. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, na kipimo kikionyesha malaria kila mtu anapumua, dawa ya mseto inatolewa, mnarudishwa nyumbani. Kwa mtoto wa kemo hiyo haitoshi. Anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja. Atibiwe malaria, na antibayotiki ya mshipa ianze palepale. Toa barua.

La tatu ni maji. Anayetoka Ukerewe au visiwa vingine anategemea ratiba ya meli na kivuko, na homa haina ratiba. Ushauri wetu ni mkali kidogo: siku ya 7 hadi ya 14, kama kuna ndugu yeyote upande wa mjini, mkae kwake. Ikishindikana, jueni mapema hospitali ya kisiwani yenye mtu wa kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani) usiku, na mpeleke barua pale kabla mtoto hajaugua. Wa Sengerema na Geita wamepungukiwa shida hii tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, lakini gari la usiku bado lipangwe mapema. Weka namba za madereva wawili, si mmoja, na nauli iliyofungwa kwenye bahasha isiyoguswa hata kwa sukari.

Sababu nyingine za kuondoka bila kusubiri ni damu ya pua isiyokoma baada ya kubana dakika 10, madoa ya zambarau yasiyopotea ukiyabonyeza, kinyesi cheusi, kupumua kwa shida, degedege, na kushindwa kunywa chochote.

Wageni ni kazi ngumu. Ndugu wanakuja kumpa pole mtoto, na kuwakatalia ni kuwavunjia heshima. Waweke nje kivulini, wasalimie kwa mbali, wanawe mikono, na mwenye mafua au mwenye mtoto anayeharisha asiingie. Mtoto akikutana na mwenye tetekuwanga au surua, pigeni simu siku hiyohiyo. Kuna kinga inayoweza kutolewa, lakini ndani ya siku chache tu.

Mtoto mwenyewe asipewe chanjo hai, zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, wakati wa kemo, kwa mfano surua au polio ya matone. Ndugu zake wapate chanjo zao za surua kwa wakati, maana ndizo zinazomlinda. Kwa polio ya matone ya mdogo wake, mwambie kwanza muuguzi wa kliniki kwamba nyumbani kuna mtoto wa kemo.

Chakula na kinywa

Hakuna chakula kinachoponya saratani wala kinachoilisha kwa namna ya kumnyima mtoto sukari na nyama. Anayekonda hustahimili dawa vibaya, basi. Mpe anachokipenda, kiive vizuri, kiliwe kingali moto au ndani ya saa mbili tangu kipikwe.

Uji mzito kwa asiye na hamu: nusu lita ya maji, vijiko 4 vya chakula vya unga wa mtama au mahindi, pika dakika 15. Ongeza vijiko 2 vya unga wa dagaa, kijiko 1 cha siagi ya karanga, kijiko 1 cha mafuta, na sukari au chumvi kwa kuonja. Dagaa wachague waliokaushwa juu ya vichanja, si waliolala mchangani. Toa vichwa, osha kwa maji moto, kaanga bila mafuta hadi wakauke kabisa, ndipo usage. Karanga zenye ukungu tupa zote, hata kama chache tu ndizo zimeharibika, kwa kuwa sumu yake hudhuru ini. Mpe nusu kikombe kila saa mbili kuliko bakuli zima atakalolitazama kwa huzuni.

Sato na sangara ni wazuri, waive hadi kwenye mfupa. Mayai yawe magumu. Maziwa yachemshwe, na mgando wa mtaani usubiri. Matunda yawe ya kumenya: ndizi, embe, papai, chungwa. Kachumbari iache hadi siku nzuri.

Kinywa hupata vidonda karibu na wiki ya pili. Anza kabla havijatoka: asukutue mara 4 kwa siku kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko 1 cha chai cha chumvi, yakatengenezwa upya kila siku. Vidonda vikitoka, ondoa chungwa, ndimu na pilipili, mpe uji uliopoa, ndizi iliyopondwa, maziwa baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Utando mweupe ni fangasi, una dawa yake.

Ziwa lenyewe lina kichocho, na mwenye kanula au kinga ya chini asiingie majini. Kwa mtoto aliyekulia ufukweni hilo ni adhabu kubwa kuliko sindano, kwa hiyo usimkataze tu. Mpeleke kwenye miamba awaone wenzake na mitumbwi, kisha nyumbani jaza beseni maji safi na vikombe vya kuchezea.

Siku ya 15 hadi ya 21: mrudishie maisha yake

Siku hizi ndizo zinazopotezwa zaidi. Kinga inapanda, na kipimo cha damu kikithibitisha, mtoto arudi kwenye mambo yake.

*Shule.* Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya hospitali. Sema waziwazi kwamba saratani haiambukizi, kwamba mtoto atahudhuria kwa vipindi, na kwamba kuna mambo asiyoweza: kufagia vumbi, kusafisha vyoo, kubeba ndoo, na kuchapwa viboko. Hilo la viboko lisemwe bila haya, kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini fimbo moja inaweza kumvujisha damu ndani. Omba daftari la mwenzake siku asizokuwepo. Nusu siku darasani ni bora kuliko muhula mzima nyumbani.

*Nywele.* Hutoka kama wiki mbili au tatu baada ya kemo. Zinyoeni kwa mashine kabla hazijaanza kudondoka kwenye mto, na kaka yake akitaka kunyoa pia, mwache. Kofia apate ya kuchagua mwenyewe.

*Nidhamu.* Hapa wazazi wengi hatukubaliani nao. Mtoto anayepewa kila kitu hugundua haraka kwamba sheria zimekufa, na kwake maana yake ni moja: wakubwa wamekata tamaa. Aendelee kuamkia, kuswaki, kukunja shuka lake, kuomba radhi akimpiga mdogo wake. Kazi ziwe nyepesi lakini ziwepo. Siku za prednisoloni na za kutapika legeza. Siku nzuri shika.

*Ndugu zake.* Wanaobaki kwa bibi huona kwamba mama amehama na mtoto mmoja. Wapigie saa ileile kila jioni, hata dakika 5, na uulize habari zao kabla ya kutoa za hospitali. Nyumbani mwiteni mtoto kwa jina lake, si "mgonjwa".

Namna ya kumwambia

Kumficha hakusaidii. Atasikia wodini, kwa mtoto mwenzake, na kwa namna mbaya. Watoto wadogo hudhani wameugua kwa sababu walikosea, basi anza na hilo. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mwanangu, tumboni mwako kuna uvimbe. Unaitwa saratani. Hukuupata kwa sababu ulifanya kosa, na hakuna aliyekuambukiza. Dawa yake ni kali, itakutapisha na nywele zitatoka, halafu zitaota tena. Nitakuwa na wewe. Una swali?"

Kisha nyamaza. Kijana wa miaka 12 na zaidi aingie chumbani kwa daktari aulize mwenyewe, na aruhusiwe kuchagua baadhi ya mambo: mkono wa kanula, saa ya kuoga, nani aambiwe.

Kabla ya sindano usiseme "haiumi". Sema itauma kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha mhesabu pamoja. Mdogo mpakate akiwa amekaa, usimlaze na kumshikilia miguu. Kwa sindano ya mgongoni uliza kama atapewa dawa ya usingizi au ganzi. Maumivu yanayomnyima usingizi yasemwe kila siku. Morfini ya kunywa ipo kwa ajili hiyo, haimfanyi mtoto awe mteja wa dawa za kulevya inapotolewa kwa kipimo cha daktari, na mara nyingi huandamana na dawa ya choo.

Kutoacha njiani

Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga inayoota kwenye taya na tumbo, huonekana sana ukanda huu wenye malaria. Hukua kwa kasi mno, na huyeyuka kwa kasi vilevile: uvimbe wa taya unaweza kutoweka baada ya mzunguko wa kwanza au wa pili. Hapo ndipo mtego ulipo. Familia inaona amepona, inarudi kijijini, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika nchi tajiri wanapona, na chini ya asilimia 30 katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Kuacha matibabu ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Burkitt na saratani ya figo hutibiwa kwa miezi. Saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto huchukua miaka 2 hadi 3, na sehemu kubwa ni vidonge vya nyumbani.

Kwa hiyo pesa zigawanywe kwa mizunguko, zisimalizwe kwenye wa kwanza. Uliza mizunguko ni mingapi, piga hesabu ya nauli, chakula na malazi ya mmoja, ndipo ukoo ukae. Kuuza ng'ombe wote mwezi wa kwanza ni haraka isiyo na faida. Muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukopa, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ulizeni kuhusu bima na msamaha. Ndugu wenye afya wajitokeze kuchangia damu mapema, kwa kuwa mtoto wa kemo huongezewa damu mara kwa mara.

Mitishamba, tambiko na maombi ni mambo ya familia, lakini mambo mawili tunayakataa: kuchanja ngozi, na kumnywesha dawa ambayo daktari hajui. Chale kwa mtoto asiye na chembe sahani hazikomi kutoka damu, na dawa nyingine za mizizi huchosha ini lilelile linaloshughulika na kemo. Mwambie daktari hata kama umeshampa.

Mama peke yake wodini wiki baada ya wiki huchakaa, na mtoto hulala vibaya mama asipolala. Wawepo watu wawili wanaojua barua, kipimajoto na saa za dawa. Baba aje angalau siku ya 1 ya mzunguko asikie mwenyewe. Akisimuliwa tu, atakuwa wa kwanza kusema "mtoto amepona, rudini".

Ukurasa wa Jumapili

Kila Jumapili andika mistari minne kwenye daftari: mwili (amelala, amekula, ameumwa wapi), moyo (amecheka, ameogopa nini), wenzake (amecheza na nani), shule (amesoma nini). Kila mstari upe alama 0 hadi 4, ambapo 0 ni hakuna shida na 4 ni shida wakati wote. Mwenye miaka 8 na zaidi ajipe alama mwenyewe; mara nyingi hazitafanana na zako, na za kwake ndizo umwonyeshe daktari. Mstari uliobaki 3 au 4 kwa wiki mbili useme kliniki hata kama hakuna aliyeuliza.

Dawa zikiisha

Siku ya mwisho ya kemo omba muhtasari ulioandikwa: kila dawa na jumla ya kipimo chake, hasa doksorubisini, ambayo inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na mionzi kama alipewa, na ilipigwa wapi. Chanjo zilizokosekana huanza kupangwa upya daktari akiruhusu, zile hai kwa kawaida baada ya miezi 6. Homa ya 38 iendelee kuwa ya hospitali hadi uambiwe kinga imerudi. Kliniki za kuangalia hazikomi nywele zinapoota, na muhtasari huo uende naye sekondari na hadi atakapokuwa mtu mzima, kwa hiyo uweke plastiki na upige picha kwa simu ya zaidi ya mtu mmoja.